Kifua cha Pacifique

"Mama Paci, usiangalie chini kule. Angalia hapa juu, kwa hiki kitobo kidogo. Kocha iko ndani," Papy alisema, akiinua skrini ya kompyuta yake kwa kidole kimoja.

Goreth alikitazama kile kitobo cheusi kama mtu anayepimwa macho hospitalini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Pembeni yake mumewe, Zénon, alikaa wima ndani ya shati jeupe. Koti lake la manjano la kulindia magari lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti, kwa sababu mazungumzo yakiisha angerudi kwenye magari yake kando ya bahari. Mtoto wao Pacifique, mwenye miaka kumi na minane, alisimama nyuma yao, mkono wa kulia umefichwa mfukoni kama kitu kinachoweza kuibwa.

Papy alikuwa Mkongo, fundi wa simu, na duka lake lilikuwa chini ya jengo lao hapo South Beach. Intaneti yake haikatiki. Siku hiyo aligeuza kibao cha mlangoni ili wateja wajue pamefungwa, akafuta vumbi kwenye kaunta, akavaa tai.

"Akiuliza mimi ni nani," alisema, "mwambieni mimi ni oncle, mjomba wake. Mtu anayeenda Amerika lazima awe na oncle mwenye duka."

Hakuna aliyecheka, lakini Goreth alishukuru moyoni kwamba kuna mtu aliyeweza kufanya utani saa ile. Alikuwa amefunga siku mbili bila chakula.

Kocha alitokea. Uso wake ulikuwa mwekundu na mpana, na alikuwa amevaa kofia ya sufu ingawa alikuwa ndani ya ofisi. Durban ilikuwa saa kumi alasiri na joto la Novemba liliwalowesha mgongoni. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi, na dirisha lililokuwa nyuma yake lilionyesha weupe mtupu.

"Ile ni theluji?" Zénon alinong'ona.

"Ile ni mwanzo tu, Papa," Pacifique alisema.

Kocha alijitambulisha kuwa anaitwa Halvorson, akawasalimu kwa heshima, kisha akasema neno ambalo hawakulitegemea. Papy alitafsiri:

"Anasema Paci atoke inje. Kila mzazi anaongea naye bila mtoto. Mtoto akiwa pale, wazazi wanasema kile mtoto anataka."

Pacifique alimtazama mama yake, kisha Papy. "Sharp, sawa. Lakini Papy, tafsiri tu. Usiongeze chumvi."

"Chumvi? Mimi niko na tension, docteur alinikataza chumvi."

Kijana alitoka, akavuka barabara, akasimama karibu na robot, taa za kuongozea magari, mahali ambapo mama yake angeweza kumwona kupitia kioo.

Kocha Halvorson alizungumza polepole, akisubiri Papy amalize kila kipande. Chuo chake kiko kaskazini kabisa. Vijana wazuri wa besiboli wanataka kwenda Florida na Texas, kwenye jua. Yeye huwapigia simu mia. Kumi huomba kuona picha ya uwanja. Na picha ya mwezi wa tatu ni theluji tupu, kwa hiyo wanabaki wawili. Timu hufanya mazoezi ndani ya ukumbi, mpira unagonga nyavu, hadi mwezi wa nne. Mwaka juzi alileta vijana wawili kutoka visiwa vya joto. Walirusha vizuri sana. Mmoja alirudi kwao kabla ya Krismasi. Wa pili alipata homa ya mapafu akalazwa, na mama yake akawa anampigia simu kila asubuhi akilia.

"Anasema hataki kusikia tena mama analia," Papy alisema. "Anasema video ya Paci, ile Uncle Deven wa klabu ya Queensburgh alimtumia, ameiangalia mara ishirini. Mpira unaenda maili themanini na nane kwa saa, na mtoto anatulia kama anarusha mkate. Nafasi imebaki moja. Masomo, kitanda, chakula, miaka minne. Bourse complète, wanalipa yote!" Hilo la mwisho lilikuwa la Papy mwenyewe. "Sasa anauliza ninyi wazazi. Ile baridi, mwili wa mtoto utaiweza? Paci anasema ndiyo, lakini vijana wote wanasema ndiyo."

Zénon alikohoa kidogo. "Mwambie sisi ni watu wa Mugamba, milimani, Burundi. Kwetu asubuhi unaona pumzi yako. Mtoto ni wa damu ile."

Papy alitafsiri. Kocha alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lilikuwa jibu zuri na lilitosha.

Lakini Goreth aliona kwamba Mungu amesahauliwa. Katika kanisa lao, mtu akiulizwa kama Bwana anaweza, hajibu ndiyo tu. Hutoa ushuhuda. Na ushuhuda una utaratibu wake: kwanza shimo, halafu mkono uliokutoa. Mwenye shimo fupi hukaa chini watu wakiwa bado wanatafuta leso. Goreth alikuwa na ushuhuda mmoja tu mkubwa, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameutoa kila mara mchungaji alipomwita. Sasa Mmarekani alikuwa akimwuliza kuhusu kifua cha mtoto wake. Alisadiki kwamba swali limetoka juu.

Akasimama.

"Kaa, Mama Paci, anaona tumbo tu," Papy alisema, akimvuta kitenge.

"Bwana asifiwe," Goreth alisema.

"Amen," Papy akajibu kwa mazoea.

"Mwambie mtoto huyu alikuwa maiti. Alikuwa na miaka sita. Tulikaa Bluff, kwenye chumba cha nyuma chenye unyevu. Kifua kilimkamata. Siku tatu hakuvuta pumzi ya kueleweka. Siku tatu! Midomo ilikuwa ya bluu."

Papy alitafsiri neno kwa neno, bila chumvi. Kocha aliacha kutabasamu, akauliza kitu.

"Anauliza madaktari walisema nini."

"Walishindwa! Waliangaliana. Hawakujua hata jina la ugonjwa."

"Anauliza dawa gani alipewa."

"Hakuna dawa. Niliweka mkono kifuani pake, nikaomba, na siku ya tatu jioni akafumbua macho, akasema, Mama, nina njaa. Kwa hiyo mwambie asiogope baridi. Kifua kile kimeshikwa na Mungu."

Kocha aliinama, akaanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu. Zénon aligusa mguu wa mkewe kwa kiatu, mara moja, kisha mara ya pili, lakini Goreth aliona kichwa kile kilichoinama akadhani mtu analia. Mara nyingi watu walilia hapo.

* * *

Lifti ilikuwa imekufa tangu Agosti. Walipanda ngazi kuelekea ghorofa ya tisa, Goreth mbele, akiimba chini kwa chini. Walipofika ya sita Pacifique aliuliza kocha alisema nini mwishoni.

"Alishukuru sana. Nilimtolea ushuhuda wako."

Kijana alisimama. "Ushuhuda gani?"

"Wewe una ngapi?"

Pacifique alipita mbele ya mama yake akapanda ngazi zilizobaki mbili mbili.

Barua ya kocha iliingia kwenye simu yake kabla wali haujaiva. Alikaa juu ya ndoo karibu na pazia lililotenganisha kitanda cha wazazi na godoro lake, akaisoma kwanza kimya, kisha akawasomea wazazi kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la kukatwa umeme.

"Mshukuru mama yako kwa ukweli wake. Familia nyingi huficha mambo kama haya. Sheria inanitaka nimjulishe muuguzi wa chuo, na nimeshamjulisha. Tunahitaji karatasi za hospitali za zile siku tatu, na barua ya daktari bingwa wa mapafu. Nafasi siwezi kuishikilia zaidi ya Jumatatu."

"Daktari bingwa ni pesa ngapi?" Zénon aliuliza.

"Papa, hata angekuwa wa bure, atapatikana leo Alhamisi? Wanangojea miezi." Pacifique alimgeukia mama yake. "Mimi sikuwa maiti. Nilikuwa na kikohozi. Nakumbuka ile dawa, nyekundu, tamu. Niliilamba kwenye kijiko."

"Wewe ulikuwa mtoto. Hukujua uko wapi."

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Goreth alijua iko wapi. Ilikuwa ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, na aliitunza kama uthibitisho. Mara mbili aliwahi kuiinua mbele ya kanisa, watu wakapiga vigelegele. Mwandiko wa nesi ulikuwa wa Kiingereza na wa haraka, na Goreth hakuweza kuusoma. Alimpa mtoto kadi akiwa na hakika.

Pacifique aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Kikohozi, siku mbili. Hana homa. Kifua safi. Dawa ya maji. Arudi nyumbani." Akarudia, safari hii bila hasira. "Kifua safi, Mama."

"Nesi alikosea."

Zénon alikuwa ameshavaa koti lake la manjano, kwa kuwa magari ya jioni hayasubiri. Aliufungua mlango, akaufunga tena, akabaki ndani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya alikuwa ameyakalia miaka mingi.

"Mama Paci. Siku tatu zilikuwa za Larissa."

Wali ulianza kuungua. Hakuna aliyeinuka kuuepua.

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya chumba kile. Larissa alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kambini Tanzania, akiwa na miaka minne, kwa kifua, siku ya tatu, na madaktari wawili wakaangaliana juu ya kitanda. Pacifique alikuwa bado tumboni. Miaka sita baadaye, Bluff, mtoto wa pili alipokohoa usiku wa kwanza, Goreth alisikia kikohozi kilekile, akapiga magoti. Mtoto akapona. Alipotoa ushuhuda mara ya kwanza alisema ukweli, kwamba aliogopa sana. Lakini hofu haina urefu ambao watu wanaweza kuuona. Mwaka uliofuata akasema siku tatu, na hakuhisi kwamba anadanganya, kwa maana siku tatu alikuwa nazo, na midomo ya bluu alikuwa nayo, na hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Mungu peke yake ndiye anayejua ni Jumapili gani wale watoto wawili walikuwa mmoja.

"Kesho namwomba Papy," Goreth alisema hatimaye. "Nitazungumza na kocha tena. Nitasema."

"Utasema nini?" Pacifique aliuliza.

"Kilichoandikwa."

* * *

Kocha alipatikana Jumamosi, saa ileile. Safari hii Pacifique alikuwa Queensburgh kwenye mazoezi, maana Uncle Deven alimwambia aendelee kurusha kama vile hakuna kilichotokea. Papy hakuvaa tai. Kibao cha mlangoni alisahau kukigeuza.

Alikuwa ameshatuma picha ya kadi. Kocha aliishika mkononi, imechapishwa kwenye karatasi.

"Anasema ameisoma," Papy alisema. "Anasema haifanani na yale ulisema. Anauliza ya kweli ni gani."

Goreth alibaki amekaa. Mikono ilikuwa mapajani. "Mwambie ya kadi."

"Tu hivyo?"

"Mwambie mtoto alikohoa siku mbili, akapewa dawa, akapona. Mwambie nilisema uongo."

Papy alijikuna shingo. "Mama Paci, hiyo neno ni nzito. Nitasema ulichanganya."

"Pacifique alisema usiongeze chumvi. Usipunguze pia."

Nyuma yao mlango ulifunguka. Félicité aliingia, Mkongo wa saluni ya jirani, mtoto wake Annick mgongoni. Alifuata simu yake iliyovunjika kioo. Walisali kanisa moja. Alipomwona Goreth mbele ya kompyuta alitabasamu, akasimama kimya kusubiri zamu yake. Annick, mwenye miaka mitatu, alikuwa akipumua kwa mlio mwembamba, kama filimbi iliyoingia maji.

Goreth alimwona kwenye kona ya skrini, ndani ya picha yake mwenyewe. Alijua Félicité anafunga kila Ijumaa kwa ajili ya mtoto huyo, na anafunga akitegemea ushuhuda gani: ule wa Pacifique. Bado angeweza kunyamaza. Lakini akilini alimwona Pacifique akirusha, na kocha alikuwa anangoja.

"Zile siku tatu zilikuwa za mtoto mwingine," alisema. "Mwambie ni dada yake. Larissa. Yule hakupona."

Papy alichelewa kutafsiri. Alipomaliza, kocha alivua kofia yake ya sufu, akasema maneno mafupi ambayo hata Goreth aliyaelewa, kwamba anasikitika sana. Kisha akauliza swali, kwa upole, akiwa bado ameishika kofia.

"Anauliza..." Papy alisita. "Eish. Anauliza, kama ni hivyo, katika familia iko mtoto alikufa na kifua?"

Goreth alifungua mdomo. Aliona jinsi njia ilivyojifunga mbele na nyuma. Akisema ndiyo, ni damu moja na Pacifique. Akisema hapana, anamzika Larissa mara ya pili.

"Ndiyo," alisema.

Kocha aliandika, safari hii kidogo tu. Halafu alizungumza kwa muda, akitazama pembeni, na Papy akatafsiri akitazama kaunta. Anaamini mama anasema kweli leo. Lakini aliamini hivyohivyo Alhamisi. Sasa ana hadithi mbili mkononi, na muuguzi wa chuo amesoma ya kwanza na leo atasoma ya pili. Anaye kijana mwingine, wa Canada, harushi kama Pacifique, lakini amekua kwenye theluji. Mwaka ujao, kama daktari wa mapafu ataandika, wajaribu tena. Hawezi kuahidi.

"Anasema Paci iko na mkono ambao hajawahi kuona," Papy alisema. "Anasema hiyo uiambie mtoto."

Skrini ikawa nyeusi. Goreth alijiona humo, na nyuma yake Félicité, ambaye hakuwa akitabasamu tena. Alimtoa Annick mgongoni akampakata kifuani, mkono umemfunika sikio.

"Simu yako iko tayari, Mama Annick," Papy alisema. "Leo hakuna kulipa."

Félicité aliichukua simu akatoka bila kuuliza kitu.

* * *

Pacifique hakupiga kelele. Alimsikiliza mama yake hadi mwisho, akauliza kama kocha alisema kitu juu ya mkono, akaambiwa, akaitika. Jumapili asubuhi baba yake aliamka na goti limevimba. Kijana akalichukua lile koti la manjano kwenye msumari bila kuambiwa.

"Nitakaa hadi saa nane," alisema. "Ukiweza, shuka."

"Na kanisa?" Goreth aliuliza.

"Liko njiani."

Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kukodi, ghorofa ya chini, madirisha yanaangalia maegesho yaleyale ambayo Zénon hulinda magari. Mchungaji Athanase aliomba kwa ajili ya wagonjwa. Annick alikuwa amelala vibaya usiku kucha, akasema, na mama yake yupo hapa hajafumba jicho. "Mama Pacifique, njoo. Mjenge dada yako. Tupe ule ushuhuda."

Goreth hakuinuka. Alitikisa kichwa, akashika koo, kuonyesha kwamba sauti imekwenda. Wengine walianza kupiga makofi ya kumtia moyo.

Félicité alitoka kwenye safu yake akaja akachuchumaa mbele yake, na mtoto mwenye pumzi ya filimbi mikononi. Alinong'ona, na hakuna mwingine aliyesikia.

"Nilisikia yote jana, dada. Nimeelewa. Usiniambie ile ya jana. Niambie ile nyingine."

"Félicité, si ya kweli."

"Najua. Niambie."

Goreth akasimama. Alipofika mbele aligeuka, akaona kupitia dirishani lile koti la manjano likitembea kati ya magari, refu kuliko alivyozoea kuliona kwa mumewe. Kijana alikuwa amesimama kusikiliza. Dirisha lilikuwa wazi.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen."

"Mtoto wangu aliugua kifua. Tulikaa Bluff. Aliugua siku..."

Midomo ya Félicité ilikuwa imeshaliunda neno, ikimsubiri.

"Siku tatu," Goreth alisema.

Félicité alisema Amen kabla ya wote, kwa sauti kubwa kuliko wote, na kanisa zima likamfuata.

Nje, Pacifique aliligeuzia dirisha mgongo. Gari jeupe lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye nafasi yake. Aliinua mkono wa kulia juu, akaliita kwa vidole, njoo, njoo, kisha akalisimamisha kwa kiganja. Dereva alinyoosha usukani akaondoka. Kioo hakukifungua, wala sarafu ya mlinzi hakutoa.